Nunua Baiskeli Yako Mwenyewe, Dada

Wiki jana msomaji mmoja wa Mambrui, kaskazini ya Malindi, alinitumia ujumbe wa sauti, mrefu, nikausikiliza huku napara samaki. Amepata kazi ya kushona hapa Malindi mjini. Bodaboda kwenda na kurudi inamla karibu nusu ya ujira. Baiskeli anaijua tangu utotoni kwao. Lakini mamamkwe kasema mke wa watu hapandi baiskeli, na mume, ambaye baiskeli anayo, amenyamaza tu. "Dada, wewe uliwezaje?" ndivyo alivyomalizia.

Namjibu hapa hadharani kwa sababu ujumbe wa namna hii napata mwingi, na kwa sababu, niseme kweli, swali la niliwezaje nalipenda.

Mimi nimekulia Shella, hii ya Malindi, si ile ya Lamu. Utotoni mwetu siku ya Idd kulikuwa na kijana akileta baiskeli uwanjani za kukodisha. Unalipa, unazunguka mpaka akupigie mluzi urudishe. Sisi wasichana tulikuwa na pesa za sikukuu sawasawa na wavulana, shilingi zile zile kutoka kwa wajomba wale wale. Za kaka yangu akizipokea, zangu akinirudishia mkononi. "Wewe kaa kwenye keria ubebwe." Basi nikakaa kwenye keria, na pesa ya kubebwa nikaitoa mimi. Kaka yangu leo akisoma haya atacheka. Mimi bado sijacheka.

Kwa hivyo kujifunza nikajifunza ukubwani, nimeshazaa. Aliyenifundisha ni jirani yetu, mzee wa Kigiriama, mgema, ambaye jioni akishauza mnazi wake alikuwa akiniachia baiskeli yake kiwanjani. Ile Black Mamba nyeusi, nzito, kilo 20 hivi bila mzigo, na vyuma vya kushikia mitungi ubavuni. Hebu nipige picha: mwanamke wa Kiislamu, dera na mtandio, juu ya baiskeli inayonuka mnazi. Bomba la juu lilikuwa halinipi nafasi ya kurusha mguu nikiwa nimevaa dera, nikawa naendesha kama watoto wanavyofanya, mguu mmoja nimeupitisha chini ya bomba, mwili umepinda upande. Mzee akikimbia nyuma ananiambia, "Usitazame gurudumu mwanangu, tazama unakokwenda." Miezi ya kuchubuka magoti naiacha, kila mtu ameanguka.

Kilichonisukuma ni biashara. Mimi ni mama karanga, nanunua samaki, nakaanga, nauza, na siku hizi wabichi pia nawapelekea watu majumbani wakiagiza kwa simu. Samaki wazuri wanashushwa Mayungu. Mashua zikiingia, wa kwanza kufika pale ni wanaume wa baiskeli. Wanachagua tafi wanene, changu wakubwa, wanafunga ndoo nyuma kwa mipira ya tyubu, na kabla jua halijapanda wako mahotelini na kwenye nyumba za wageni. Sisi wanawake tulikuwa tukingoja gari lijae, au tunachangishana bodaboda, tukifika tumebakiziwa vidogo na vilivyopondeka. Halafu jioni mtu anakwambia wanawake hawana akili ya biashara, ndiyo maana wanauza vijisamaki vya shilingi ishirini. Akili ipo, kinachokosekana ni magurudumu mawili.

Na nyumbani baiskeli ilikuwapo. Hapa ndipo nataka dada zangu mnisikilize. Ile inayoitwa baiskeli ya nyumbani asubuhi inatoka na baba, mchana iko kwa rafiki yake baba, usiku inarudi na pancha. Siku unayoihitaji lazima uombe, na ukiomba unaulizwa waenda wapi, warudi saa ngapi. Mwanamume anatoka mara moja na kurudi mara moja. Wewe asubuhi una kumpeleka mtoto shule, kupita sokoni, kwenda kliniki, kurudi kupika, kutoka tena. Anayehitaji baiskeli zaidi ndiye asiyekuwa nayo. Zamu yangu ya kupokea pesa za chama chetu cha kuchangiana ilipofika sikununua makochi. Nilikwenda kwa wauza mitumba, nikachagua baiskeli ya kike iliyoshuka bandarini Mombasa, yenye bomba lililoinama, nikaandikiwa risiti kwa jina langu. Risiti hiyo ninayo mpaka leo.

Baiskeli zenye bomba la kuinama, kama hujui, zilianza kutengenezwa Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1880, ili wanawake wa kule waliovaa magauni marefu waweze kupanda. Yaani tatizo la dera lina jibu lake tangu enzi za mabibi wa bibi zetu. Kwa nini madukani kwetu bado wamejaza zenye bomba la juu? Kwa sababu muuzaji anamfikiria mnunuzi mwanamume. Mwulizie unayoitaka wewe, usipokee anachokusukumia.

Nisije nikadanganya kwamba baada ya risiti mambo yakawa mteremko. Barabarani nilionyeshwa. Vijana wa maskani walinipa majina ambayo sitayaandika. Wenye magari walinibana hadi mchangani, na mchanga wa kando ya barabara unaujua, gurudumu likizama unaruka wewe. Halafu kuna yule bodaboda. Nilikuwa narudi kutoka Mayungu na ndoo imejaa, akaja nyuma taratibu, akapunguza mwendo, akanipiga kofi kwenye makalio, akaongeza mafuta akaenda zake akicheka. Nilianguka kushoto. Samaki wote mchangani. Watu waliokuwa kwenye kibanda cha karibu walikuja, wakaokota samaki, na mzee mmoja, kwa upole kabisa, akaniuliza, "Kwani mama huna mume?" Nilikwenda kushtaki mahali panaposhtakiwa mambo hayo. Swali la kwanza lilikuwa nilikuwa nimevaa nini. Nilikuwa nimevaa buibui, nikamwonyesha aliyeniuliza, lilikuwa na mchanga bado. Mambo yakaishia hapo.

Kiwiko kilipona. Lile swali la kibandani halijapona, maana ndilo linaloeleza kila kitu. Mwanamume akigongwa na gari wanauliza dereva alikuwa nani. Mwanamke akidhuriwa wanauliza alitoka kutafuta nini. Ndiyo maana wasichana wengi wanajua kuendesha na hawaendeshi.

Nikaendelea. Kwa ujeuri, watu wa nyumbani watakwambia, na wana haki. Lakini nilibadilisha mambo mawili matatu. Nilitafuta wenzangu, tukawa tunatoka pamoja wakati mashua zinapoingia, mstari mmoja, na yule anayejua zaidi nyuma. Wanawake wanne wa baiskeli hakuna bodaboda anayewagusa. Nguo ndefu haina budi kupangwa: suruali ndani, buibui unalipandisha kidogo na kulibana kwa pini kubwa, ncha za mtandio zinaingia ndani ya nguo. Mwambie fundi akufungie kava kamili ya cheni na wavu wa kuzuia nguo kwenye gurudumu la nyuma. Kitambaa kikishikwa na cheni kinakuvuta wewe, hakikatiki. Kiti kisiwe juu sana mwanzoni, vidole vya miguu vifike chini. Na nunua yako, nasema tena, yako.

Tuje kwenye maneno ya wakubwa. Kuna hili la bikira, ambalo mama zetu wanalisema kwa sauti ya chini, kwamba msichana akipanda baiskeli atapata aibu usiku wa harusi. Utando wa bikira unatofautiana kwa kila mwanamke tangu kuzaliwa, unaweza kulegea kwa michezo mbalimbali, na haushuhudii chochote. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka upimaji wa bikira ukomeshwe kila mahali, kwa sababu hauna msingi wa kitabibu. Wale wale wanaomkataza binti baiskeli wanamtwika mtungi wa lita 20 kichwani kila alfajiri, na hapo hakuna anayekumbuka usiku wa harusi.

Wengine watasema dini. Saudia, nchi ambayo tunaitazama sisi sote tukisali, iliruhusu wanawake waendeshe baiskeli mwaka 2013. Ilikuwa kwa masharti, bustanini, na abaya, na mlinzi wa kiume karibu, lakini iliruhusu. Hapa kwetu hakuna sheria iliyowahi kukataza. Kinachokataza ni macho ya watu. Usiniambie macho ya watu ni aya. Wala tusiwaone Wazungu wametangulia sana: wanaume walishindana mbio za baiskeli za barabarani katika Olimpiki ya 1896 pale Athens, wanawake wakangoja mpaka Los Angeles mwaka 1984.

Kama wewe ni mzazi na bado unasita, sikiliza habari ya Bihar, jimbo maskini la India. Mwaka 2006 serikali ya jimbo ilianza kuwapa wasichana wanaoingia darasa la tisa pesa za kununua baiskeli. Wachumi Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walifuatilia, na waliyoyachapisha mwaka 2017 ni kwamba wasichana walioandikishwa sekondari waliongezeka kwa asilimia 32, na pengo kati yao na wavulana likapungua kwa asilimia 40. Waliofaidi zaidi ni wale ambao shule ilikuwa mbali, kilomita 3 na zaidi. Soma tena: baiskeli ilikuwa ya msichana. Ingekuwa ya familia, kaka angeichukua. Nimekwisha kukwambia habari za kaka.

Nchi ambako wanawake wanaendesha sawa na wanaume, au kuwapita, kama Uholanzi, hawakupata bahati tu. Katika miaka ya 1970 wazazi wa kule waliingia barabarani kupinga watoto wao kuuawa na magari, na serikali ikajenga njia za baiskeli peke yake. Sisi hapa kila barabara ikitengenezwa tunapewa lami ya magari, na ukingoni mtaro. Wanawake tukiitwa mikutano ya maoni ya bajeti ya kaunti tunazungumzia maji na zahanati, mambo ya haki kabisa. Ongezeni na hili, na taa za barabarani, kwa maana jua likishazama saa kumi na mbili na nusu mwanamume anaona giza, mwanamke anaona watu walio ndani ya giza.

Na nyinyi waume mnaosoma, najua mpo, mnasoma kimyakimya. Kunyamaza kwako mama yako anapomkemea mkeo ni jibu. Toa neno moja tu mezani. Haigharimu lita ya petroli.

Sasa wewe wa Mambrui. Njia yako mimi naijua, na haina mchezo, maana malori ya chumvi ya Gongoni na Marereni yanapita hapo yakiwa yamejaa, na dereva aliyejaza tani zake hasimami kwa ajili yako. Kwenye daraja la mto Sabaki ukisikia lori nyuma kabla hujaingia, shuka, simama pembeni, lipite, kisha uvuke. Usishindane nalo katikati. Vaa kitu chenye rangi kali juu ya buibui jeusi, fulana ya bodaboda ya kumeremeta inatosha, na taa ya nyuma ni ya lazima. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, asubuhi utakuja na upepo usoni, toka mapema, jioni utakusukuma kurudi nyumbani. Kaskazi ni kinyume chake, na hapo ndipo watu wengi wanakata tamaa kwa sababu wanarudi wamechoka na upepo unawapinga, basi siku hizo weka gia nyepesi kama baiskeli ina gia, au inama kidogo juu ya usukani na usijione mnyonge.

Mjini usiende kwa muuzaji peke yako mara ya kwanza. Niandikie nije nawe, bei tutaisema mimi na wewe. Tutabana breki zote mbili na kuisukuma, gurudumu lisizunguke. Tutazungusha pedeli tusikie kama kuna mkwaruzo. Na ukishaipeleka kwenu, cheni uifute na kuitia mafuta ya mashine kila wiki, chumvi ya pwani hii inakula chuma. Usitie mafuta ya kupikia. Yananasa mchanga, na mchanga unaimaliza cheni.