Punguzo Alilopata Wakala Dukani ni la Nani?

SWALI

Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni kijana wa Arua, ninaishi Kampala, mtaa wa Kisenyi. Kuna mama wa kwetu mwenye duka Arua, na kwa zaidi ya miaka miwili amekuwa akinitumia pesa kwa simu nimnunulie bidhaa katika soko la Kikuubo hapa Kampala: sabuni, mafuta ya kula, vyombo vya plastiki, chupa za chai. Hatukuandikiana chochote wala hatukutaja ujira. Kila nikimgusia husema, "Fanya tu mwanangu, nitakuangalia." Siku ya Idi hunitumia kidogo, basi. Kwa kuwa wenye maduka wamenizoea, hunipunguzia bei. Mama nilimwambia bei ya kawaida, tofauti nikabaki nayo nikiihesabu kuwa jasho langu, na risiti ziliandikwa bei ile kubwa. Mwenye duka mmoja alinipa simu mwisho wa mwaka. Safari moja katoni mbili za chupa za chai zilivunjika ndani ya basi, mama akanilipisha. Na daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo mwaka 2024, nauli ya mizigo ikapanda, nikawa naongezea kutoka mfukoni. Sasa amesikia habari za punguzo. Anataka kila shilingi, na anasema atanipeleka kwa kadhi. Haki yake ni ipi, na yangu ni ipi?

JAWABU

Wa alaykumu s-salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake.

Mwanangu, nianze na lile utakalolichukia. Punguzo si lako, ni la mama. Na nikisha kusema hilo nitasema la pili, ambalo huenda mama naye asilipende: ana deni kwako, na alipokulipisha zile chupa alichukua kisichokuwa chake.

Wanachuoni wanapotafuta asili ya uwakala katika Qur'ani huenda kwenye Sura al-Kahf, aya ya 19. Vijana wa pangoni walipoamka na njaa waliambiana wamtume mmoja wao mjini na fedha zao, atazame chakula kilicho safi zaidi awaletee. Fedha zilikuwa mkononi mwa mmoja, lakini aya inaziita zao wote. Ndivyo zilivyo pesa za mama zinapoingia kwenye simu yako. Na bidhaa unayomnunulia haiingii kwanza katika milki yako kisha ukamuuzia yeye. Inakuwa yake saa ileile mnapokubaliana na mwenye duka. Basi tuseme katoni ya sabuni inauzwa shilingi 85,000, wewe ukapewa kwa 80,000. Bei ya mama ni 80,000, na zile 5,000 hazikuwahi kutoka katika milki yake hata ziwe zako.

Tazama alivyofanya Urwa al-Bariqi, Mwenyezi Mungu amridhie. Amepokea Bukhari kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimpa dinari moja amnunulie kondoo. Urwa akanunua wawili kwa dinari ile, akamuuza mmoja kwa dinari moja, akarudi na kondoo pamoja na dinari. Mtume akamuombea baraka katika biashara yake, na ikasemwa kwamba baada ya hapo hata angenunua udongo angepata faida. Wanachuoni wamejadili sana vipi aliuza bila kutumwa kuuza, na sisi Mashafii tuna maneno marefu hapo, lakini hatuna haja nayo leo. Linalokuhusu wewe ni ile dinari. Ilipatikana kwa akili ya Urwa na mdomo wa Urwa, na bado aliirudisha kwa aliyemtuma.

Utasema: lakini wananipunguzia kwa kunijua mimi, mama hawamjui. Ni kweli. Lakini huko kujulikana ndiko alikokutafutia mama alipokutuma wewe badala ya kumpa pesa dereva wa basi. Na ujiulize pesa za nani zimekupa jina pale Kikuubo.

Risiti ni jambo jingine kabisa. Hata kama punguzo lingekuwa lako, kuandikisha bei isiyokuwa ni uongo na ni ghushi, na Mtume amesema katika hadithi aliyoipokea Muslim, "Mwenye kutughushi si katika sisi." Mwenye duka aliyekuandikia ana fungu lake katika dhambi hiyo. Najua watakwambia hapo sokoni kwamba kila mtu anafanya hivyo. Nimelisikia sana neno hili, na sijaona kitabu cha fikihi kinachohalalisha kitu kwa sababu hiyo.

Kuna hoja moja uliyoidokeza inayostahili kujibiwa kwa utulivu: kwamba ulichukua kwa sababu ulikuwa na haki isiyolipwa. Hoja hii ina asili. Hind bint Utba alimshitakia Mtume kwamba mumewe Abu Sufyan ni bahili, hampi matumizi ya kumtosha yeye na mwanawe. Mtume akamruhusu achukue katika mali ya mume kiasi kinachowatosha kwa wema. Kutokana na hadithi hii maimamu wetu wamesema aliyenyimwa haki yake anaweza kujichukulia akiipata. Lakini angalia masharti. Haki ya Hind ilikuwa wazi, matumizi ya mke na mtoto, na aliyedaiwa alikuwa anazuia. Wewe hukuwahi kumtajia mama kiasi, naye hakuwahi kukukatalia. Ulijikadiria mwenyewe, ukajilipa mwenyewe, kwa siri, miaka miwili. Mlango wa Hind haukufungukii.

Sasa tuje kwa mama.

Kazi ya uwakala asili yake ni hisani. Mtu akikwambia "ninunulie" ukanunua bila kutaja malipo, kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kwamba huna ujira, kwa sababu hukuuomba. Imamu Nawawi ametaja pia kauli nyingine, kwamba anayejulikana kufanya kazi hiyo kwa malipo anastahili, na akasema kauli hiyo inaweza kuonekana nzuri. Lakini suala lako halifiki hata huko, kwa sababu mama hakunyamaza. Alisema, "Nitakuangalia." Wanachuoni wetu wamelitaja neno la namna hii kwa karibu kabisa: mwenye kumwambia mfanyakazi "fanya, nitakuridhisha" au "utaona litakalokufurahisha", akafanya, basi anastahili ujira wa mfano. Maana yake ni ujira wanaolipwa wenzake wanaofanya kazi kama hiyo mahali hapo. Mama huyo alipokuahidi kwa maneno yale alijifunga, hata kama yeye aliyaona ni maneno ya upole tu. Na pesa za Idi, ikiwa alizitoa kama zawadi ya sikukuu, hazihesabiki kuwa ujira. Akisema alikusudia ziwe malipo, msikilizane.

Ni ujira wa kiasi gani? Mimi siwezi kukutajia nikiwa hapa. Waulizwe watu wawili au watatu waadilifu wanaonunulia wafanyabiashara wa mikoani pale Kikuubo. Wao wanajua wakala hulipwa nini kwa mzigo wa ukubwa huo, kuzunguka maduka, kufungasha na kufikisha stendi. Kiasi hicho ndicho chako, kiwe kikubwa kuliko punguzo ulilolichukua au kidogo kuliko hilo.

Chupa za chai zilizovunjika: wakala ni mwenye kuaminiwa, na mwenye kuaminiwa halipi kilichoharibika mkononi mwake ila akivuka mpaka au akizembea. Kama ulizifungasha kama zinavyofungashwa, ukazipeleka kwa basi ambalo wafanyabiashara wa Arua hulitumia, na mama alijua ndiyo njia yako, hasara ni ya mwenye mali. Neno lako linakubaliwa kwa kiapo. Alichokulipisha akurudishie, na kama kuna wa kudaiwa ni wenye basi, naye mama ndiye mwenye kudai. Ila ukiwa uliziweka chini ya magunia ya sukari ili upate kulipa nauli ndogo, hapo hukumu inageuka, na hilo unalijua wewe na Mola wako.

Nauli uliyoongezea ina maelezo kidogo. Ikiwa mama alikuachia wewe kulipa nauli yoyote itakayotozwa, basi ziada ni deni lake, kwa kuwa aliyekuruhusu kupeleka amekuruhusu kulipa kile ambacho mzigo haufiki bila hicho. Ikiwa alikutumia kiasi maalumu cha nauli na wewe ukaongeza kimya kimya, kauli ya madhehebu ni kwamba umejitolea, huwezi kumdai. Hata hivyo mtajie. Kufungwa kwa Karuma hakukuwa siri, kila mwenye duka Arua aliona bei zikipanda, na sidhani ataona uzito kukurudishia. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 nayo iko upande wa wakala hapa: inamtaka aliyetuma amfidie wakala kwa lile alilolifanya kihalali ndani ya mamlaka aliyopewa. Sheria hiyohiyo inamtaka wakala atoe hesabu, na inamzuia kujinufaisha kwa biashara ya mwenzake bila ya ridhaa yake, kwa hiyo usiende kuitafuta ukidhani itakupa punguzo.

Na ile simu? Mtume alimtuma mtu, Ibn al-Lutbiyya, kukusanya zaka. Aliporudi akasema, "Hii ni yenu, na hii nimepewa zawadi." Mtume akapanda mimbari akauliza kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama atapewa zawadi. Wamepokea Bukhari na Muslim. Jipime kwa swali hilo. Ikiwa mwenye duka huyo ni rafiki yako wa zamani mliozoea kupeana vitu kabla hata ya biashara, ni yako. Ikiwa alikupa ili uendelee kupeleka pesa za mama dukani kwake, mwambie mama. Akisema "kaa nayo", ni halali yako.

Namna ya kujitoa. Usiende kwake ukamwambia, "Nisamehe kama nina deni lako," akakujibu, "Nimekusamehe," ukarudi Kampala ukiwa mwepesi. Katika madhehebu yetu kumsamehe mtu deni lisilojulikana kiasi chake hakusihi. Kaa na kumbukumbu za simu yako, ujumbe wa kila pesa iliyoingia upo au unaweza kuombwa, ukadirie punguzo la kila safari. Ukishindwa kujua kwa hakika, taja kiasi ambacho una yakini kwamba deni halizidi hapo. Mwambie wazi kwamba ulichukua, na kwamba risiti zilikuwa za uongo. Kisha weka mezani ujira wa mfano, gharama ya chupa, na nauli. Kitakachobaki baada ya kutoana, anayedaiwa alipe, na mwenye kutaka kusamehe hapo asamehe akijua anachokisamehe. Suluhu baina ya Waislamu inajuzu, isipokuwa suluhu inayohalalisha haramu au kuharamisha halali.

Mkitaka kuendelea na kazi baada ya hapo, na sioni ubaya, tajeni ujira kabla ya safari: kiasi maalumu kwa kila mzigo, au posho ya mwezi. Ama ule mtindo wa madalali wengi wa Kampala, "niletee kwa bei hii, kinachobaki ni chako," una khilafu. Bukhari amenukuu kutoka kwa Ibn Abbas kwamba hakuona ubaya mtu kusema, "Uza nguo hii, kitakachozidi kiasi kadhaa ni chako," na Mahanbali wameichukua kauli hiyo. Mashafii na wengi wengine wanakataa kwa kuwa ujira wenyewe haujulikani. Mimi nawashauri ujira uliotajwa, lakini mkiufuata ule mtindo mwingine kwa ridhaa ya wazi mna wanachuoni wa kuwategemea. Ulichokifanya wewe hakina mwanachuoni wa kukitegemea, kwa sababu mama hakujua. Na andikeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Sura al-Baqara, imekuja kwa ajili ya kuandika deni, na sheria ya Uganda nayo inataka mkataba wa thamani inayozidi shilingi 500,000 uwe wa maandishi.

Amekutishia kadhi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 129, imezitaja mahakama za kadhi kwa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na ulezi. Madai ya biashara hayamo. Kadhi anaweza kuwapatanisha mkiridhia wote wawili, kama anavyoweza imamu wa msikiti wenu Arua au mzee mnayemheshimu, lakini hana uwezo wa kumlazimisha yeyote kati yenu alipe. Mwenye kutaka kulazimisha atakwenda mahakama za serikali, na huko ataulizwa karatasi ambazo hamkuandikiana. Basi mpigie wewe kwanza, kabla hajakupigia yeye, na uende Arua na hesabu yako mkononi.

Wallahu aalam.