Tubu dhambi au tubia dhambi?

SWALI: Sisi ni wanakwaya wa Isevya, Tabora, na tunaandaa wimbo wa Majilio. Mtunzi ameandika: "Tubu dhambi zako, jiandae, Bwana yuaja." Katibu anasema iwe "tubia". Jirani yetu Mkatoliki anasema kwao ni "ungama". Mzee mmoja hataki "jiandae", anataka "kaa tayari". Tuimbe lipi?

JIBU: Katibu wenu yuko sahihi. Kitenzi tubu hakidai shamirisho, yaani kitu cha kutendwa: mtu ametubu, basi. Yohana Mbatizaji katika Mathayo 3:2 anasema "Tubuni" na hataji kosa lolote. Ukitaka kulitaja, ndipo kauli ya kutendea, ile yenye -ia, inapoingia: mtu huutubia uovu wake, kama Petro anavyomwagiza Simoni mchawi katika Matendo 8:22. Mungu naye hutubiwa.

"Tubu dhambi zako" husikika mimbarani kila Jumapili, nami simkatizi mhubiri kwa ajili yake. Wimbo ni jambo jingine. Huandikwa, hukaririwa na watoto, na ukishazoeleka haurekebishiki.

Ungama huenda kinyume kabisa. Katika sura hiyohiyo ya Mathayo, mstari wa 6, watu wanabatizwa Yordani "wakiziungama dhambi zao". Dhambi zinafuata bila -ia. Mkiitia hiyo -ia, kitenzi kinamgeukia anayeambiwa, ndiyo maana Wakatoliki husali "Nakuungamia Mungu Mwenyezi". Kwa hiyo dhambi unazitubia, dhambi hizohizo unaziungama, na Mungu unamuungamia. Padri yeye anakuungamisha. Ukibandika tangazo kwamba "padri ataungama kuanzia saa kumi", umemtwika dhambi za parokia nzima.

Lakini jirani yenu asidhani maneno haya ni visawe. Kuungama ni kazi ya kinywa, kutubu ni kugeuka na kuiacha njia. Mwizi wa baiskeli anaweza kukiri yote kituoni, akatoka na kuiba nyingine. Kujuta nako ni kando: Yuda, Mathayo 27:3, "alijuta", akavirudisha vile vipande thelathini vya fedha. Wafasiri hawakuandika "alitubu", na naona walipima vizuri.

Sasa mzee wenu. "Jiandae" haina kosa la sarufi, ila hoja yake ni nzito kuliko mnavyodhani. Someni mfano wa wanawali kumi, Mathayo 25. Wale wanawali watano wapumbavu, bwana arusi alipofika, walikuwa wapi? Njiani kununua mafuta. Walikuwa wanajiandaa, tena kwa haraka! Mlango ukafungwa. Walioingia ni "waliokuwa tayari". Kujiandaa ni shughuli inayoendelea, inaweza isifike mwisho. Kuwa tayari ni hali ya mtu aliyekwisha kufika. Kwa wimbo unaosema Bwana yuaja, mimi niko upande wa mzee. (Na atakayewaambia kwamba kukesha ni kutolala tu, mwonyesheni mstari wa 5: wote kumi walisinzia, wenye busara nao wakiwamo, kisha mstari wa 13 ndio unasema "kesheni".)

"Yuaja" msiiguse. Ni umbo la kale, nalo limo katika Mathayo 24:44.

Imebaki taabu ya mdundo. "Tubu dhambi zako" ina silabi sita, "tubia dhambi zako" ina saba, na najua walimu wa kwaya wanavyoichukia silabi ya ziada. Imbeni "Tubu, acha dhambi". Sita zinarudi, tubu inasimama peke yake inavyopenda, na dhambi zinabebwa na acha. "Kaa tayari" ina silabi tano dhidi ya nne za "jiandae". Hapo itabidi mwalimu agawe noti moja mara mbili.