Kwa madereva mnaoanza kupeleka wageni Ziwa Natron

Wadogo zangu, msimu huu nimeona tena alama za matairi zimeacha njia, zikanyooka kuelekea ziwani na kuishia kwenye shimo la tope jeusi. Sikuuliza ni nani. Najua ni mmoja wenu, na najua mgeni alimwambia nini: "Sogea kidogo tu." Basi someni.

1. Mafuta na maji jazeni Mto wa Mbu. Tairi za spea bebeni mbili, maana mawe ya chini ya Lengai, ule mlima wa volkano, yanachana ubavuni na hapo fundi pancha hana lake.

2. Gari likikutangulia, liache liende na vumbi lake. Jioni kung'uta filta ya hewa kabla hujaenda kuoga.

3. Makorongo. Mvua ikinyesha juu Ngorongoro, maji yatakukuta chini huku jua linawaka. Ukikuta yamekuwa mekundu na yanabeba vijiti, zima gari, gawa lanchi boksi, subiri. Mgeni akinuna, anune. Yakipungua, vuka kwanza kwa miguu yako.

4. Magadi. Lile ziwa halina mto unaotoka. Maji yanaingia, jua linayanywa, magadi yanabaki. Pembeni linakauka gamba jeupe, tambarare, na ukishatikiswa na makorogesheni, yale mawimbi ya barabara ya vumbi, tangu Engaruka, macho yanakuambia hiyo ni lami.

Mimi niliamini macho. Nilikuwa na wageni wawili wa kamera ndefu, na flamingo wako mbali, mstari wa waridi tu. Kijana wa Kimaasai aliyetuongoza kutoka kijiji cha Engare Sero akasema, "Gari tuache hapa, twende kwa miguu." Nikacheka. Nikamwambia gari hii ina fo-wili, kama vile yeye hajawahi kuona gari. Mwanzoni gamba lilikuwa linavunjika chini ya tairi, kakara kakara, nami nikafurahia ule mlio. Ghafla ukakoma. Hapo ndipo ungeacha kukanyaga mafuta na kurudi nyuma kwenye alama zako. Mimi nikakanyaga zaidi. Tairi zikachimba, gari likalalia tumbo, na jeki niliyoiweka ikazama yenyewe bila kuinua chochote.

Nikavua viatu ili visichafuke! Tope la magadi linaingia kwenye nyufa za visigino kama pilipili, na sikuwa na maji ya kunawia isipokuwa ya kunywa ya wageni. Kivuli hakuna. Yule kijana hakunisema hata neno, akaondoka kwa miguu kwenda kijijini, akarudi na wenzake, majembe na mbao. Tulichimba mpaka jua likazama. Walichodai kilikuwa haki yao, nikakitoa mfukoni kwangu bila kupunguziwa. Mgeni mmoja alinipiga picha nikiwa mweupe mpaka kwenye kope. Aliahidi kunitumia, namshukuru hakutuma.

Na bado sikuwa nimemaliza kukosea. Niliosha bodi ikang'aa, chini sikugusa. Chumvi ikala bomba za breki taratibu, na fundi alipoliinua gari akaniuliza kama huwa nalipaki baharini. Gari likigusa magadi, lioshwe chini siku hiyohiyo.

5. Wageni wa Lengai wanaanza kupanda usiku, na ni wewe utakayewapeleka mpaka chini ya mlima, kwa hiyo baa ya kambini waachie wengine. Ni mita 2,962, njia ni majivu na haina mti. Wakishuka wakute maji baridi. Lava usiwaahidi, hao waliosoma kwamba inatoka nyeusi kisha inageuka nyeupe watakuuliza, waambie mlima hauna ratiba.

6. Viota vya flamingo pia usiahidi. Ndiyo, flamingo wadogo (ni aina yao, si vifaranga) wa Afrika Mashariki wanategemea Natron kwa kutaga, lakini wanataga mbali ndani ya ziwa, ambako fisi hafiki kwa sababu ya tope hilohilo. Mweleze mgeni hivyo, ataelewa. Wengi wao wana akili kuliko tunavyowachukulia, shida ni sisi tunaowaza tipu.

7. Risiti za ushuru tunza zote, usitupe hata moja kabla hujafika Arusha. Anayeendelea Loliondo kupitia Sonjo: kwenye kona za kupanda ukuta wa Bonde la Ufa piga honi, na ingiza lo, ile gia ya nguvu, ukiwa bado chini, si gari likishaanza kurudi nyuma.