Paje mpaka Jambiani na kamera ya mfukoni: maswali yenu

Tangu niandike kuhusu kutembea kwa miguu kutoka Paje mpaka Jambiani, ule ufukwe wa kusini mashariki mwa Unguja, maswali yamemiminika na karibu yote ni ya watu wenye kamera ndogo, zile za kutia mfukoni. Nimefurahi kweli maana njia ile inaifaa sana kamera ndogo, unatembea juani muda mrefu, kuna sehemu unakanyaga maji, na begi zito linakuchosha kabla hujafika kwenye picha nzuri. Nimechagua machache, twende.

Nitoke saa ngapi? Nataka jua likichomoza na pia kina mama wa mwani wakiwa kazini. (Msomaji, Dar)

Kabla ya kuangalia saa angalia mwezi. Ufukwe unatazama mashariki kwahiyo jua linachomoza baharini, kuanzia saa kumi na mbili kasoro mpaka saa kumi na mbili na nusu hivi kutegemea na msimu. Sasa siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, tofauti ya maji kujaa na kupwa inafika kama mita 4, na pwani yetu hii kupwa kwa mwisho kunaangukia kwenye saa nne asubuhi. Maana yake ukifika alfajiri maji ndo yanatoka, yanaacha vidimbwi na mikunjo kwenye mchanga, jua liko chini kila mkunjo una kivuli chake, hapo hata kamera ya bei ndogo inatoa picha ya kutundika ukutani. Ukitembea polepole hivyo hivyo, ikifika saa mbili saa tatu unawakuta kina mama wameshaingia kwenye mashamba ya mwani, vijiti na kamba zake viko nje. Kazi hiyo vijiji vile vimeifanya tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kwahiyo ukipiga picha pale unapiga maisha ya watu.

Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume, asubuhi bahari imejaa, mwani huuoni na mchanga wa kutembelea ni mwembamba. Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, kwahiyo usitumie saa za wiki iliyopita, tazama jedwali la maji au muulize mvuvi yeyote atakwambia bila kufikiri. Na nawaomba sana, ukiwa umeenda mbali mwambani usisubiri maji yafike miguuni ndo ugeuke, yakirudi yanajaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako wakati wewe umeinama na kamera.

Nikimpiga mke wangu mchangani uso unatoka mweusi hauonekani, anga nayo nyeupe. Kamera mbovu? (Msomaji, Tanga)

Sio mbovu. Kamera inaona mchanga mweupe wote ule inadhani mwanga umezidi, inatia giza picha nzima, na uso wa shemeji ndo unaolipa. Tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, weka +0.7 au +1, piga, angalia, rekebisha. Mchanga utakuwa mweupe kama ulivyo badala ya kijivu na uso utafunguka.

Ila kuna kitu wengi hawakijui na hapa ndipo kamera ndogo inaipiku kubwa. Washa flashi mchana. Kamera nyingi kubwa zinakubali flashi ya kawaida mpaka spidi ya sekunde 1/200 au 1/250 tu, lakini ndogo nyingi kama Sony RX100 au Canon G7 X zina shata, kile kipazia cha kupitisha mwanga, ndani ya lenzi yenyewe, zinakubali flashi kwa spidi kubwa zaidi ya hapo, kwahiyo unaweza kuishusha anga mpaka ikarudi bluu yake huku ile flashi ndogo inaujaza uso. Simama karibu, mita 1 au 2, mbali zaidi ya hapo haifiki. Kama hutaki flashi mpeleke chini ya mvinje, kivulini, ila ageukie kule kwenye mwanga.

Na mtu asiwaambie ngozi zetu ni ngumu kupiga picha. Ni setingi, basi, na setingi inabadilishwa kwa kidole kimoja.

Lenzi ikitoka inatoa mlio kama inasaga, nilikuwa ufukweni wiki iliyopita. (Msomaji, Mombasa)

Mchanga umeingia kwenye mrija wa lenzi. Usiwashe na kuzima kuzima kujaribu, kila ukiwasha inajisaga. Ishike lenzi ikitazama chini, puliza kwa kile kipira cha kupulizia hewa, sio kwa mdomo kwa sababu mdomo unatoa mate, halafu pitisha brashi laini kwenye mzunguko. Ikiendelea mpelekee fundi wa kamera, sio wa simu.

Safari nyingine usiiache wazi mfukoni pamoja na ndala na funguo. Mfuko wa nailoni wa zipu unatosha. Wakati wa kusi, ule msimu wa pepo za kusini, upepo unarusha mchanga chini chini, kwahiyo geuza mgongo kwenye upepo ndo uwashe. Ukirudi chumbani futa kamera na kitambaa kilicholoweshwa kidogo tu maji baridi yasiyo na chumvi, kikamuliwe haswa, kisha kikavu. Chumvi ikibaki inakula vitufe polepole na hutojua mpaka vikatae. Ikidumbukia baharini kabisa toa betri hapo hapo na usiiwashe, na msiifukie kwenye mchele, mchele uacheni upikwe, unaleta vumbi tu. Kama unajua utakuwa majini muda mwingi nunua ya kuzamia tangu mwanzo, Olympus TG-6 kwa mfano inakubali mpaka mita 15.

Nikitoka chumbani lenzi inakuwa na ukungu. (Msomaji, Arusha)

Ni ile AC. Kamera ya baridi ikikutana na hewa ya pwani inatoa jasho. Ifunge kwenye mfuko wa nailoni ukiwa bado ndani, toka nayo, iache kwenye mfuko kama nusu saa. Au usilale nayo kwenye AC.

Nimeambiwa mandhari inapigwa kwa f/16, yangu inaishia f/11 na picha zinatoka laini. (Msomaji, Kampala)

Hiyo f/16, yaani tundu la lenzi likibanwa sana, ni ya makamera makubwa. Sensa, kile kidude kinachopokea mwanga, ikiwa ndogo kila kitu kinakuwa wazi mapema, f/4 au f/5.6 inatosha kutoka mchangani mpaka kule mawimbi yanapovunjikia. Ukilibana tundu zaidi unaharibu ukali wa picha mwenyewe.

Bahari naiona kijani na bluu, kwenye picha inang'aa nyeupe. (Msomaji, Nairobi)

Mng'ao. Kamera nyingi ndogo hazina pa kufungia kioo cha polaraizi, lakini kama una miwani ya jua ya polaraizi iweke mbele ya lenzi, izungushe taratibu huku unatazama skrini, utaona mng'ao unaondoka na mwamba wa chini unatokeza. Jua liwe begani, kushoto au kulia, likiwa mbele yako au kisogoni haisaidii sana.

Mimi niko Maskati, ushauri wa mchanga mweupe unanifaa? (Msomaji, Oman)

Kwenye ile njia ya mlimani ya C38 kutoka Riyam kushukia Muttrah fanya kinyume. Mawe yale ni ya kahawia iliyokolea, kamera inaongeza mwanga bure, shusha -0.3 au -0.7. Nenda miezi ya baridi na uanze asubuhi, mchana ukungu wa joto unaifuta bandari.

Kina mama wa mwani niwapigeje bila kuwaudhi? (Msomaji, Dodoma)

Kamera ikae mfukoni kwanza. Sogea, "Shikamoo bibi, poleni na kazi", ongea, uliza mwani wa safari hii ukoje, ndipo uombe. Akikataa ndo basi, usimvizie kwa zumu ukiwa mbali, ile ni kumwibia. Vaa kwa heshima, unapita vijijini mwa watu. Akikubali mpige mikono ikifunga mwani kwenye kamba, ule ujuzi ndo picha yenyewe, halafu mwoneshe skrini. Ukiweza safisha picha mjini umpelekee, watalii wengi wanamchukua na hakuna anayerudi.

Nataka kununua iliyotumika, nikague nini? (Msomaji, Mwanza)

Iwashe na kuizima mara kadhaa usikilize mlio, vuta zumu mwanzo mpaka mwisho. Weka f/8, piga ukuta mweupe au anga, kuza picha utafute madoadoa, hilo ni vumbi kwenye sensa na kwenye kamera ndogo kulitoa ni mpaka ifunguliwe yote. Fungua mlango wa betri, ukiona kutu ya kijani hiyo imeshaonja chumvi, irudishe. Jaribu flashi pia. Na uhakikishe betri zake bado zinapatikana, utahitaji ya pili.