Chai ilishuka bei, sasa wakaimwagia nini baharini?

Habari za mapumziko walimu wenzangu, na nyie wazazi mnaokesha na watoto kwenye kazi za nyumbani. Leo nataka niongelee somo lililonitoa jasho miaka mitatu mfululizo, kufundisha watoto wa miaka 12 mpaka 14 sababu za vita vya uhuru wa Marekani, pale makoloni 13 ya Uingereza yalipoasi. Shule ninayofundisha hapa Tanga inafuata mtaala wa nje, kwa hiyo mambo ambayo wenzetu wanakutana nayo kidato cha tano huko, mimi nampelekea mtoto ambaye akili yake yote iko kwa mama wa barafu za ukwaju getini.

Mwaka wa kwanza nilifundisha kama nilivyofundishwa mimi. Ubaoni namba moja mpaka namba nane, kodi ya sukari, kodi ya stempu (yani ya karatasi za hati na magazeti), kodi ya chai, gharama za askari, wakanakili, wakakariri, mtihani wakafaulu vizuri tu nikajiona mwalimu. Wiki mbili baadae niko kwenye daladala na mmoja wao tunaelekea Chumbageni nikamuuliza kwa utani, hivi wale walipigana kwa nini? Akajibu bila hata kufikiri, "Kodi ilikuwa kubwa ticha." Nikanyamaza mpaka nashuka, maana hilo ndo jibu nililokuwa nalikubali kwenye mtihani na nikiangalia vizuri sio kweli.

Hebu tazama. Mwaka 1764 kodi ya molasi, ule uji mweusi unaobaki miwa ikitengenezwa sukari, ilikuwa peni 6 kwa galoni, Bunge la Uingereza likaishusha mpaka peni 3, yani waliipunguza nusu! Shida ni kwamba ile ya peni 6 walikuwa hawailipi, wafanyabiashara walipitisha magendo wakahonga maofisa maisha yakaenda, sasa hii ya peni 3 serikali ilikuja na nia ya kuikusanya kweli, ina deni kubwa la vita vya miaka saba na Ufaransa vilivyoisha 1763. Mtoto wa Tanga hili humfundishi, unamkumbusha. Nani hapa hajasikia habari za mpaka wa Horohoro na njia za panya? Nilipowaambia kuwa John Hancock, yule mwenye sahihi kubwa kuliko wote kwenye Tangazo la Uhuru, meli yake ilikamatwa 1768 kwa tuhuma za kukwepa ushuru, darasa zima likapiga kelele "kumbe na yeye!" na kuanzia hapo wakawa na mimi.

Sasa chai. Hapa ndo pa kukaa, mengine yote unaweza kuyapitia haraka. Sheria ya 1773 iliiruhusu Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, ambayo ilikuwa inakaribia kufilisika na maghala yamejaa chai, iuze moja kwa moja Marekani, na chai ikawa rahisi kuliko hata ile ya magendo ya Waholanzi. Rahisi! Halafu usiku wa tarehe 16 Desemba 1773 watu wa Boston wakapanda melini wakamwaga masanduku 342 baharini. Mi sasa hivi somo naanza na hapo, siandiki kitu ubaoni, nauliza tu: chai imeshuka bei, mnaimwagia nini? Halafu nakaa chini. Watakwambia walikuwa wajinga, watakwambia ilikuwa mbovu, kuna mmoja aliniambia labda walizoea kahawa, waache waseme.

Baada ya hapo tunacheza mchezo, na hapa nikuonye kwanza. Mwaka wa pili niliucheza kwa hela za kweli, kila anayeomba kwenda nje ananilipa shilingi 50, anayeazima rula 50, nikidhani nitawarudishia mwisho wa kipindi. Kengele ikalia, wakakimbia, nikabaki na elfu moja na mia tatu mezani. Kesho yake asubuhi mama mmoja yuko ofisini kwa mkuu wa shule, "Huyu mwalimu anachangisha watoto mchango gani?" Wallahi nilitamani nijifukie. Kwa hiyo tumia vifuniko vya soda, vipo bure kwenye kila genge, na ukusanye mapema maana vifuniko 200 havipatikani kwa siku moja.

Unampa kila mtoto vifuniko 10. Barafu ya kuchora kwenye karatasi inauzwa vifuniko 2, na kuna wauzaji watano wa darasani, kila mtu ananunua kwa shoga yake au rafiki yake. Waache wazoee, wapatane, wakopeshane. Halafu wewe ingia na tangazo, kwamba kuanzia sasa barafu ni kifuniko 1 tu, bei imeshuka, ila anauza mtu mmoja niliyemchagua mimi, wale watano biashara imefungwa, na kwenye kile kifuniko 1 kuna kodi yangu humo humo. Usiwaulize chochote. Dakika tatu hazifiki. Mwaka huu walinigomea, wakasema bora wakose barafu, na aliyekuwa analalamika kwa sauti kubwa sio muuzaji aliyefungiwa, ni binti mmoja mpole anayekaa nyuma, anasema "si bei ticha, mbona hujatuuliza?" Nikamwambia arudie, nikaliandika ubaoni kama lilivyo. Na chai ilikuwa hivyo hivyo, makoloni 13 hayakuwa na mbunge hata mmoja kule London, na mwaka 1766 Bunge lilipofuta kodi ya stempu likapitisha siku hiyo hiyo sheria ya kusema lina haki ya kuwatungia sheria kwenye jambo lolote. Sasa hapo huna haja ya kueleza sana.

Ukiwa huku pwani una bahati moja ambayo walimu wa kwingine hawana, una Pangani. Kilomita kama 50 tu kutoka hapa mjini. Aprili 1888 Sultani Khalifa alitia saini kuikabidhi kampuni ya Kijerumani pwani hii iisimamie na ikusanye ushuru wa forodha kwa miaka 50, Agosti kampuni ikaingia na bendera yake, na waliokuwa wakiishi kwa biashara na vyeo hapo mjini hakuna aliyewauliza. Vita vikaanzia Pangani, na Abushiri bin Salim aliyeviongoza akanyongwa hapo hapo Desemba 1889. Kampuni, ushuru, mtawala aliye ng'ambo ya maji, watoto wanaunganisha wenyewe. Ila usiwaache walale kwenye ufanano, wabane. Mmoja aliniuliza "Sasa ticha wale si wazungu kwa wazungu, uhuru gani?" na swali lake ni la haki kabisa. Wakoloni wa Marekani walikuwa wenyewe wamekalia ardhi ya watu. Moja ya malalamiko yao ni tangazo la mfalme la 1763 lililowakataza kuhamia magharibi ya milima ya Appalachia, yani kwao lile tangazo ni uonevu na kwa wenyeji wa huko angalau lilikuwa kinga, karatasi ni ile ile.

Kuhusu tarehe, mi nimeacha kukaririsha. Nafunga kamba ya kuanikia nguo darasani, kadi zinabanwa kwa vibanio, deni la 1763, stempu 1765, watu watano waliouawa kwa risasi za askari Boston Machi 1770, chai 1773, bandari ya Boston kufungwa 1774, risasi za kwanza za vita pale Lexington Aprili 1775. Kundi linaruhusiwa kung'oa kadi moja tu ambayo wanadhani isingekuwepo basi vita visingetokea, na waeleze. Wengi hukimbilia chai. Mwaka huu kundi moja liling'oa deni, wakasema bila deni hakuna kodi na bila kodi nani angegombana, kundi jingine likang'oa kufungwa kwa bandari, wakasema mpaka hapo watu walikuwa wanasameheka, ni ile adhabu ya mji mzima kwa kosa la wachache ndo ilifanya makoloni mengine yaone kesho ni zamu yao. Wamegombana dakika ishirini na mi sijaongea. Usitoe mshindi, hakuna.

Halafu kuna suala la watumwa, na hapa pwani hulikwepi. Thomas Jefferson aliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa alikuwa na watumwa, na Novemba 1775 gavana wa Kiingereza wa Virginia aliwaahidi uhuru watumwa wa waasi watakaokuja kumpigania, kwa hiyo kuna walioutafuta uhuru upande wa mfalme. Na kama umemtaja Abushiri kuwa radhi kutaja pia kwamba alikuwa na shamba la miwa Pangani na waliolima walikuwa watumwa. Lisikuumize kichwa, watoto wanabeba kuliko tunavyodhani, mmoja aliuliza kama wale wa kwenye miwa walijali bendera ni ya nani.

Tenga vipindi vitano, viwili vya mchezo na majadiliano, viwili vya kamba, kimoja cha hili la watumwa. Hiki cha mwisho usikianze kengele ikikaribia. Mi kilinikatikia katikati, watoto wakaondoka na nusu ya habari, na saa moja jioni simu inaita, ni yule yule mama wa shilingi 50, anataka kujua kwa nini nimemwambia mwanawe Abushiri alikuwa mtu mbaya.