Jibu la msomaji: Posho ya uongozi, na nani anayeweza kuipokea

Swali la wiki la jarida hili lilikuwa: “Kiongozi wa serikali ya wanafunzi wa shahada za juu anayejitokeza kwa nafasi yenye posho, tuseme bado anajitolea?” Limenichoma, kwa sababu linamshuku mtu kabla hajafungua mdomo. Walipwe. Nalisema hilo mapema ili msomaji ajue nimesimama wapi, na hesabu za kulitetea ninazo.

Mchukue makamu wa rais anayewawakilisha wenzake kwenye kamati za chuo: ada, maktaba, makazi, bima ya afya. Kikao cha saa moja hakiji peke yake. Makabrasha yanafika siku mbili kabla, kurasa sitini au zaidi, na asiyeyasoma atajibiwa mbele ya wote kwamba hoja yake ilishashughulikiwa kwenye kiambatisho cha tatu. Kusoma kunakula saa mbili, kuandika taarifa kwa baraza la wanafunzi nusu saa. Saa moja ya kalenda imeshakuwa tatu na nusu. Vikao viwili kwa wiki ni saa 7. Kamati tendaji inataka saa 2. Barua pepe, pamoja na wanafunzi wanaokuja na shida ya msimamizi au ya pango, ni saa 5. Jumla 14, wakati tangazo la nafasi lilisema “takribani saa 10”. Tuseme posho ni dola 3,000 kwa mwaka wa masomo wenye wiki 30. Kwa saa 10 za kwenye tangazo ni dola 10 kwa saa. Kwa saa 14 za kweli ni dola 7.14, chini ya kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani, dola 7.25, ambacho hakijapanda tangu 2009. Mtu anayepokea hiyo bado anatoa muda wake bure kwa sehemu kubwa.

Mhazini ana mzigo wa namna nyingine. Uchaguzi wa serikali hizi kwa kawaida hufanyika muhula wa pili, makabidhiano Aprili au Mei, na katika vyuo vingi vya Marekani mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni. Kwa hiyo mhazini mpya anaanza kazi kwa kufunga vitabu vya mtu mwingine. Anakuta masurufu ambayo hayajarejeshwa, stakabadhi za karatasi laini ambazo maandishi yake yameshafifia, na picha za simu zinazoonyesha jumla bila kuonyesha kilichonunuliwa. Benki nayo haibadilishi watia saini mpaka ione muhtasari wa kikao uliosainiwa, wenye majina kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho. Katibu akiandika jina moja tu, au jina ambalo mtu huitwa idarani, karatasi inarudishwa. Wakati huo katibu aliyemaliza muda ameshaondoka kwenda kukusanya data mbali na chuo, na saini yake ndiyo inayotakiwa. Wiki zinapita. Anayeumia ni mwanafunzi aliyelipia chakula cha semina kwa fedha zake akiahidiwa kurudishiwa ndani ya siku kumi. Matatizo mengi yanayoitwa ubadhirifu wa vyama vya wanafunzi huanzia hapa, kwenye karatasi iliyorudishwa na benki, kabla hata ya mtu kuwaza kuiba.

Ukiwataka watu wafanye haya bila malipo, watakaobaki kwenye orodha ya wagombea ni wale wenye ufadhili mnono, wasio na watoto, ambao wasimamizi wao hawaulizi sura ya pili ya tasnifu iko wapi. Wengine hawatachukua hata fomu.

Kuna kipindi kinachoonyesha jambo hili kuliko mfano wowote wa kubuni, na kitachukua nafasi kidogo: Novemba 2017 nchini Marekani. Tarehe 2 mwezi huo Baraza la Wawakilishi lilipokea muswada wa kodi ambao, katikati ya mambo mengine mengi, ulitaka kufuta aya ndogo ya kifungu cha 117 cha sheria ya kodi. Aya hiyo ndiyo inayofanya msamaha wa ada wa mwanafunzi wa shahada za juu anayefundisha au kufanya utafiti usihesabiwe kuwa kipato. Ilikuwa na maneno machache, ukiisoma haraka huioni. Lakini chukua mwanafunzi anayepata dola 25,000 za kujikimu na kusamehewa ada ya dola 40,000. Aya ikifutwa, anatozwa kodi kama mtu mwenye kipato cha dola 65,000, ilhali 40,000 kati ya hizo hazipiti mkononi mwake hata siku moja. Zinatoka kwenye kitabu kimoja cha chuo na kuingia kingine.

Muswada ulipita Baraza la Wawakilishi tarehe 16 Novemba. Wiki mbili, basi. Sikukuu ya Shukrani ilikuwa tarehe 23, nusu ya watu wako safarini, na waliobaki wana rundo la karatasi za kusahihisha kwa sababu muhula unaelekea ukingoni. Tarehe 29 wanafunzi wa vyuo vingi nchini humo walitoka madarasani na maabara kwa siku moja ya kupinga. Tarehe 2 Desemba Seneti ikapitisha muswada wake, ambao haukuwa na kipengele hicho. Ikabaki mabaraza mawili yapatane, na hapo ndipo ilibidi simu kwa wabunge ziendelee kupigwa, maana kilichokuwa kwenye muswada mmoja kingeweza kuingia kwenye sheria ya mwisho. Rais alitia saini tarehe 22 Desemba. Kipengele hakikuwamo.

Sisemi serikali za wanafunzi peke yake ndizo zilizofanya hivyo. Vyama vya wafanyakazi, vyuo vyenyewe na vyama vya kitaaluma vilipaza sauti. Nataka tuangalie kazi yenyewe ilikuwa ya namna gani. Mtu alitakiwa kusoma muswada, sio habari za muswada. Alitakiwa kutengeneza hesabu ambayo mwanafunzi wa fasihi anaweza kuweka tarakimu zake na kuona atadaiwa kiasi gani, na hesabu hiyo isiwe na kosa, kwa kuwa kosa moja lingewapa wapinzani pa kushika. Ilibidi barua ya mfano iandikwe, fupi, yenye jina la jimbo na nafasi ya mtu kueleza hali yake mwenyewe. Ilibidi kuwe na mtu wa kuujibu uongozi wa chuo pale uliposema unafuatilia kwa karibu. Kazi kama hiyo haigawanyiki katika saa 10 za kila wiki. Inaweza kutaka saa 50 wiki moja, halafu wiki mbili zifuatazo ikataka saa tatu. Na haimngoji mtu amalize kusahihisha.

Nimekaa na kipindi hiki kuliko nilivyokusudia, kwa sababu nilipokuwa nakiandika nimeona kitu kinachoitikisa ile “walipwe” yangu ya juu.

Kinga ile iliyookolewa 2017 inataja kufundisha na utafiti. Uongozi wa wanafunzi haukutajwa. Baadhi ya serikali za wanafunzi huwalipa viongozi kwa kusamehewa ada yote au sehemu, na kila mtu hulipokea hilo kama zawadi safi isiyokatwa kitu. Lakini kifungu hichohicho kinasema malipo yanayotolewa kwa sharti la kufanya huduma fulani ni kipato. Ada inayosamehewa kwa sababu mtu ni rais wa wanafunzi inaweza kuangukia hapo, na kiongozi akagundua wakati wa kujaza fomu za kodi, miezi mingi baada ya kuapishwa, fedha yenyewe hajaishika.

Halafu kuna visa. Mwanafunzi wa kigeni mwenye visa ya F-1 Marekani haruhusiwi kufanya kazi chuoni zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati masomo yanaendelea, na kazi ya msaidizi wa ufundishaji au utafiti inahesabiwa humo. Wengi wameajiriwa saa zote 20. Posho ya uongozi ikipitia mishahara ya chuo kama ajira, saa ya kwanza tu imevuka mpaka, na adhabu yake si onyo la mdomo. Ni kupoteza hadhi ya visa. Hapo hutokea mtu mwenye nia njema akasema, basi nitaifanya bure. Ofisi za wanafunzi wa kigeni huonya dhidi ya hilo pia: kazi ambayo kwa kawaida inalipwa haiwi ya kujitolea kwa sababu mtu mmoja amekataa malipo. Uingereza ina mpangilio mwingine. Huko mwenye visa ya mwanafunzi anaruhusiwa kushika nafasi ya kuchaguliwa ya muda wote kwenye umoja wa wanafunzi hadi miaka miwili, na Sheria ya Elimu ya 1994 inataka nafasi kubwa zipatikane kwa kura ya siri na hakuna mtu akae kwenye nafasi ya kuchaguliwa yenye malipo zaidi ya miaka miwili kwa jumla. Wenzetu hao walishaamua kwamba ni kazi, wakaiwekea ukomo.

Kwa hiyo posho niliyoitetea kwa ajili ya wasio na uwezo inaweza kuwa ndiyo kufuli kwa kundi lilelile. Kuna pia mwenye mkopo: posho ikiandikwa kama msaada wa masomo, ofisi ya mikopo inaihesabu ndani ya gharama zake na inaweza kupunguza mkopo kwa kiasi hichohicho. Na kuna idara zinazomkata mtu nusu ya saa za ufundishaji mara akichaguliwa. Anapata posho, anapoteza zaidi.

Anayetaka kugombea aulize haya kabla ya kupeleka fomu, kwa maandishi, na apate majibu kwa maandishi. Fedha inatoka mishahara ya chuo, ofisi ya misaada ya masomo, au akaunti ya chama? Inatolewa kila mwezi, au kwa mkupuo mwisho wa muhula? Miezi ya likizo ndefu imo, kwa kuwa kazi ya makabidhiano na bajeti iko hukohuko? Akijiuzulu Januari anarudisha nini? Na la tano kwa mpangilio lakini la kwanza kwa mwenye visa: saa hizi zitaandikwa popote? Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ndiyo ya kulijibu. Rais anayemaliza muda atasema “hakuna shida” kwa moyo safi na bado akakosea.

Kwa upande wa baraza la wanafunzi, sioni ugumu. Nyongeza ya posho ianze kwa watakaochaguliwa baadaye, wanaoipitisha wasiiguse. Marekani iliiweka kanuni hii kwenye Katiba yake kwa Marekebisho ya 27, yaliyopendekezwa 1789 na kukamilika 1992. Baraza la wanafunzi linaweza kuipitisha kwa kikao kimoja chenye akidi.

Hukumu yangu, basi, haiwezi kuwa ileile niliyoanza nayo. Ningekuwa na kura, ningepunguza kazi kabla ya kuongeza posho: nafasi ya makamu igawanywe kwa watu wawili wenye kamati mbili kila mmoja, isiwe na posho, gharama zao zirudishwe kwa stakabadhi, na ibaki wazi kwa mwenye visa na mwenye mkopo. Rais alipwe pale tu chuo kinapokubali kupunguza saa zake za ufundishaji bila kumkata malipo. Pasipo hilo, afadhali nafasi isiyo na malipo yenye majukumu machache kuliko posho inayomweka mtu mashakani. Nasema hivi nikijua kwamba chama chenye wafanyakazi wake wa kuajiriwa kinaweza kufanya tofauti, na kwamba ikija Novemba nyingine kama ile, watu wawili wa saa chache chache hawataiweza.

Kwa mhazini sirudi nyuma. Huyo alipwe, kwa awamu, na awamu ya mwisho itoke siku benki inapothibitisha saini ya mrithi wake.