Mkuu, kabla hujauliza Traeger au Pit Boss, amua kwanza unataka kula nini

Nimesoma swali lako: umepata nyumba yenye uwanja wa nyuma huko Texas upande wa Dallas, una dola 800, na unataka jiko la peleti (vijipande vya unga wa mbao ulioshindiliwa) la kuchomea mbuzi na kuku wageni wakija. Waliotangulia wameshakumwagia majina ya kampuni, hizo Traeger na Pit Boss zikiwemo. Mimi niko Minnesota, jiko la aina hii nalitumia kiangazi na hata theluji ikiwa imejaa, na kabla ya hili nililonalo nilikuwa na la bei poa.

Naanza na ambalo muuzaji hatakwambia. Kama unachokitamani ni nyama choma ile ya kwetu, ya mbavu za mbuzi zenye ukoko na harufu ya mafuta yaliyodondokea kwenye makaa, jiko la peleti litakuangusha. Moto wake unawaka ndani ya kikombe kidogo cha chuma chini kabisa, juu yake kuna bati, juu ya bati kuna sinia la kukusanya mafuta, ndipo unafika kwenye wavu. Nyama haionani na moto. Joto na moshi vinazungushwa na feni, kwa hiyo ulichonunua ni oveni inayofuka moshi. Nyama inaiva, tena vizuri, ila ule ukoko hauji. Kuna matoleo yenye bati la kusogeza ili moto upenye moja kwa moja, Pit Boss wanayo mengi, lakini eneo linalopata huo moto ni dogo, na ukiwa na watu ishirini wanasubiri utabaki unapangia foleni vipande.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kugawa hiyo hela. Nunua jiko la mkaa la duara la inchi 22, bei yake si kubwa, hilo ndilo la mbavu na mishikaki. Kinachobaki ndicho cha peleti.

Sasa peleti ina raha yake, tena kubwa. Nyama ngumu zinazotaka saa nyingi kwa joto la chini: kidari cha ng'ombe, ambacho huko Texas ndiyo dini yao, bega la kitimoto kwa wanaokula, paja zima la mbuzi, kuku mzima. Unaweka nyuzi 225 za Fahrenheit (kama 107 za Selsiasi), unafunga mfuniko, unaenda kulala. Jiko la kuni la kienyeji la Wateksasi linataka mtu akae nalo usiku kucha akilisha magogo. Hili linajilisha lenyewe.

Mbuzi nimpe maneno mawili zaidi maana ndiye uliyemtaja. Hana mafuta mengi ndani ya nyama kama kidari, kwa hiyo ukimwacha wazi mpaka mwisho anakauka. Mimi paja namkolezea tangawizi, kitunguu saumu, limao na chumvi tangu usiku, nampa moshi kwa saa tatu hivi kwenye nyuzi 250, halafu namhamishia kwenye trei yenye maji kidogo na vitunguu, nafunika na foili, anaendelea mpaka kipimajoto kiingie kwenye nyama bila kukwama. Hapo ni karibu na nyuzi 200 ndani ya nyama. Mfupa unachomoka kwa mkono. Ule mchuzi wa kwenye trei usimwage, ndio wa ugali.

Kuhusu majina ya kampuni, jua kisa chake. Haya majiko yalianzia Mount Angel, jimbo la Oregon, kwa Joe Traeger katikati ya miaka ya 1980, na hataza yake ilitolewa 1986. Miaka ishirini mtu mwingine hakuweza kuuza kitu kama kile. Hataza ilipoisha 2006 kila mtu akaingia sokoni. Ndiyo maana ukifungua majiko ya kampuni tano utakuta viungo vilevile: sanduku la peleti ubavuni, skrubu ndefu inayosukuma peleti taratibu, kikombe cha moto, kijiti cha umeme cha kuwashia, feni, na kidhibiti joto. Jina la nje linakugharimu pesa. Tofauti halisi iko kwenye ubora wa hivyo vitu sita, na kwenye chuma.

Mimi ningeanza na kidhibiti. Cha zamani kinasukuma peleti kwa vipindi vya muda vilivyopangwa, iwe joto limetosha au halijatosha, na joto linapanda na kushuka sana. Cha kisasa, kinachoitwa PID, kinasoma joto kila mara na kukokotoa kiasi cha peleti kinachohitajika. Kwa bajeti yako PID unaipata, usikubali kuuziwa bila hiyo. Lakini nayo ina kasoro yake ambayo wapiga debe hawaisemi: moto ukitulia sana unaungua safi, na moto safi unatoa moshi kidogo. Watu wananunua jiko la gharama halafu wanalalamika nyama haina ladha ya moshi. Dawa ni kuanza na joto la chini, nyuzi 180 hadi 200, kwa saa za mwanzo nyama ikiwa bado ya baridi, au kununua bomba dogo la chuma lenye matundu, unalijaza peleti, unaliwasha upande mmoja na kuliweka juu ya wavu. Ni bei ya sahani mbili za chakula. Hata hivyo, usitegemee moshi mzito kama wa zile nyumba za barbekyu za huko kwenu. Peleti ina moshi mpole, na wengine, akiwemo mke wangu, wanaupendelea huo.

Chuma. Kwangu huku jiko jembamba ni hasara, kipupwe linakula peleti mpaka unaona huruma, inabidi kulivalisha blanketi lake. Dallas huna shida hiyo kwa sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo usilipie chuma kizito usichokihitaji. Jiko la chuma kizito la kampuni ya Yoder ya Kansas ni kitu cha kurithisha watoto, lakini kwa dola 800 huigusi. Wewe tazama mfuniko kama unafunga vizuri, miguu kama haitikisiki, rangi kama imepakwa mpaka ndani ya kona. Na nunua turubai lake siku hiyohiyo. Mvua ni adui wa jiko hili kuliko baridi.

Maana peleti zenyewe ni unga wa mbao ulioshindiliwa, unashikana kwa lignini, kishikizo cha asili cha mti wenyewe, bila gundi ya kuongeza. Zikipata unyevu zinavimba na kurudi kuwa unga, unga ule unagandamana ndani ya skrubu kama saruji, na hapo utalifungua jiko lote. Mfuko wa kawaida ni ratili 20, yaani kilo 9, na unaingia kwenye ndoo ya lita 20 yenye mfuniko. Weka humo, usiache gunia wazi kwenye gereji. Matumizi ni karibu ratili moja kwa saa kwenye joto la chini, na mara mbili hadi tatu ya hapo ukipandisha moto. Sanduku la ratili 18 au 20 litakulaza usiku bila wasiwasi. Yale madogo yatakuamsha saa tisa za alfajiri.

Halafu soma mfuko. Ulioandikwa hikori (mti wa Marekani unaopendwa kwa moshi wake) mara nyingi ni mwaloni mwingi na hikori kidogo. Si wizi, mara nyingi wameandika wenyewe kwa herufi ndogo, ila usilipe bei ya hikori tupu. Mwaloni ni mzuri kwa ng'ombe na mbuzi, mtufaha na mcheri kwa kuku. Peleti za kupashia nyumba joto usithubutu hata zikiwa nusu bei, zinaweza kuwa za misonobari au mbao zenye vitu ambavyo si vya kuingia tumboni.

Umeme watu wanausahau. Hakuna umeme, hakuna jiko. Kijiti cha kuwashia kinavuta wati mia mbili hadi tatu kwa dakika chache, baada ya hapo feni na skrubu vinatumia kidogo tu. Ukiona soketi ya nje inajikata kila ukiwasha, kagua kijiti kwanza kabla hujamwita fundi wa umeme, mara nyingi ndicho kimekufa, na unakibadilisha mwenyewe. Waya wa kuongezea uwe mnene.

Yule aliyeuliza kuhusu kulipeleka Dar kwenye kontena: la hapa ni la volti 120, nyumbani ni 230, utahitaji transfoma, na peleti za kupikia utazitafuta kwa tochi. Nyumbani mkaa upo na kuni zipo, mwachie fundi wa kuchomelea akutengenezee pipa. Na wa kwenye apatimenti, soma mkataba wako na kanuni za zimamoto za mji wako. Miji mingi hairuhusu moto kwenye balkoni ya mbao wala ndani ya futi 10 kutoka ukuta unaoweza kuungua.

Usafi ndio uliofanya niachane na jiko la kwanza. Majivu yalikuwa yanajaa kwenye kikombe, na kuyatoa lazima uondoe wavu, sinia na bati, kila baada ya mapishi mawili matatu. Tafuta lenye kikombe cha majivu kinachofunguka kwa chini au kwa kuvuta mkono, kampuni ya Camp Chef wanayo muda mrefu. Majivu yakiwa ya moto usiyavute kwa mashine ya vumbi, utachoma gereji. Na mafuta kwenye sinia yakwangue, kwa sababu siku utakayopandisha mpaka nyuzi 450 yatashika moto, na ikitokea hivyo usifungue mfuniko.

Wai-fai ni ya mwisho kabisa kwenye orodha yangu. Afadhali kipimajoto kizuri cha mkononi. Kuku asiliwe chini ya nyuzi 165 (74 za Selsiasi), hata kama ngozi imeshakuwa nyekundu na wajomba wameanza kuzunguka meza.

Ukubwa: namba kubwa kwenye boksi imejumlisha na rafu za juu. Uliza wavu mkuu peke yake. Kwa watu ishirini inchi za mraba 450 hadi 500 zinatosha, ikiwa mishikaki umeihamishia kwenye mkaa.

Ukilileta nyumbani liwashe tupu kwa moto mkali kama saa nzima, mafuta ya kiwandani yaungue, kisha anza na kuku wawili, si kidari cha dola mia. Na ukienda dukani piga picha ya ndani, bati na kikombe cha moto, uniwekee hapa. Picha za nje zote zinafanana.